Kima Wanne Waliokwenda Kagondo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na walimu wenzangu wa Kanazi wanalijua hilo vizuri, kwa hiyo nisisifiwe upole ambao sina. Hadithi za wanyama sikuzianzisha kwa kuwapenda sana watoto. Nilizianzisha kwa kuchoka kupiga kelele. Zilifanya kazi, tena vizuri mno, mpaka zikamfikia binti mmoja mdogo ambaye alikuwa ameshikilia idadi moja tu katika maisha yake: kwamba kwa baba yake, huko Muleba, watoto ni watano na yeye ni mmoja wao. Haya ninayoyaandika yanamhusu yeye, na yananihusu mimi niliyemharibia hesabu hiyo.

Nilikuwa na darasa la pili. Watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Kujumlisha walikuwa wanakukimbilia. Ukiuliza tatu na nne, mikono inapanda mpaka unaogopa utatobolewa macho. Tukifika kwenye kutoa, darasa zima linapoa. Nilileta vijiti kama tulivyofundishwa chuoni, vikaishia kuchokonolewa masikio. Nikaleta buni, zile zilizochemshwa na kukaushwa za kutafuna ambazo kila nyumba hapa humkaribisha nazo mgeni, nikadhani nimepata dawa. Tulipofika hesabu ya tatu, buni zilikuwa zimeshatafunwa na hakuna aliyejua zilikuwa ngapi. Nilicheka peke yangu ofisini, lakini siku ile darasani niligomba sana.

Siku moja mvua ilipiga bati kwa nguvu hadi sauti yangu ikawa haisikiki. Nikaacha ubao. Nikawasimamisha watoto wanane mbele, nikawaonyesha kwa mikono kwamba wao ni vifaranga, nikamchagua binti mmoja mrefu awe mwewe. Mwewe akapita juu ya vifaranga na mabawa yake, akanyakua watatu, akawapeleka nyuma ya mlango. Mvua ilipopungua niliuliza, "Mama kuku akirudi atakuta wangapi?" Darasa lote likajibu watano, hata wale ambao tangu Januari sikuwahi kusikia sauti zao. Nilisimama pale na chaki yangu mkononi, nikajiona mjinga kwa miaka yote niliyokuwa nimepoteza.

Tangu siku ile kila hesabu ya kutoa ilikuwa na mnyama wake. Kicheche aliingia bandani. Bata waliliwa na fisi. Kima walivamia mgomba ulioiva, mwenye shamba akawatupia mawe, wengine wakakimbia. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika hatukuwa na haja ya kubuni kitu, maana watoto wenyewe walikuja na hesabu zao: nilikamata kumi, kaka akanilia wanne. Mwalimu wa darasa la jirani alilalamika kwamba kwangu kuna soko. Nilimwambia ajaribu na yeye, tuone kama wake hawatapiga kelele.

Binti ninayemsema alikuwa anakaa dawati la mbele, karibu na dirisha. Alikuwa msafi, mwangalifu, daftari lake limejaladiwa kwa gazeti, na kwenye kusoma hakuwa na mpinzani. Lakini kwenye hesabu za kutoa aliniumiza kichwa. Niliwaambia, "Kima tisa walikuwa kwenye migomba yetu. Wanne wakaenda zao Kagondo. Wamebaki kima wangapi?" Wenzake wakasema watano. Yeye, kwa sauti ile ile ya utulivu aliyosomea, akasema, "Tisa." Darasa likaangua kicheko. Nikarudia polepole. Akajibu tena tisa, na safari hii alinitazama kama anayenionea huruma.

Nilimpiga mkasi wa kosa kwa wino mwekundu kwenye daftari. Kesho yake nikampiga mwingine, na keshokutwa mwingine. Upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulikuwa unakaribia, na mwalimu mkuu alikuwa ametuambia waziwazi kwamba atakayeshindwa atakariri darasa, na mwalimu wake ataitwa kujieleza. Sikupenda kuitwa kujieleza, hata kidogo.

Jioni moja nilikaa na daftari lake nikapitia makosa yake yote, nikaona jambo lililonishangaza. Hakuwa anakosa zote. Mwewe akila vifaranga, anapata. Fisi akila bata, anapata. Kaka akila senene, anapata. Alikosa tu pale wanyama walipokwenda mahali: mbuzi watatu wakahamia kwa jirani, kima wanne wakaenda Kagondo, ng'ombe wawili wakapelekwa kwa mtu mwingine. Hapo daima aliandika idadi ile ile tuliyoanza nayo.

Nilimbakiza baada ya masomo nikamuuliza sababu. Alikunjua vidole vyake juu ya dawati.

"Wanne wako Kagondo," alisema. "Watano wako hapa. Si wote wapo, mwalimu? Hawajafa."

"Nimeuliza waliobaki."

"Ndiyo. Wamebaki tisa."

Nilifunga daftari. Nikamwambia atanionyesha kwao.

Alikuwa anaishi na bibi mzaa mama, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, nyumba ya bati katikati ya migomba na kahawa, uani pamefagiwa vizuri. Bibi alikuwa anamenya ndizi za mchana zilizochelewa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa Kihaya na Kiswahili kwa pamoja, akamtuma mjukuu wake alete kigoda na kibakuli cha buni. Nyuma ya nyumba alisimama ng'ombe mmoja mwekundu kwenye banda safi. Kwa kutafuta la kusema nikamsifia ng'ombe wake.

"Huyo si wangu, mwalimu waitu," bibi alisema kwa heshima ya Kihaya. "Ana mwenyewe Kagondo. Aliniwekea hapa nimlishe. Mimi napata samadi ya kibanja hiki cha migomba na maziwa ya mtoto, na akizaa tutaangalia. Lakini ni wake. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi, na huyu yumo."

Nilikaa na buni yangu mdomoni bila kuitafuna. Nimezaliwa hukuhuku, baba yangu mwenyewe alikuwa na ng'ombe kwa watu watatu, na sikuwahi kumsikia akiwatoa hao katika idadi ya ng'ombe wake. Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu hajapungua. Hilo kila mtoto wa Kihaya analijua kabla hajajua kusoma, na mimi, mwenye cheti changu, nilikuwa nimempiga mikasi myekundu kwa kulijua.

Nikamgeukia binti nikamwambia kwamba sasa nimeelewa. Uso wake uliwaka. Ndipo akanieleza lile lingine, kwa haraka, kama aliyekuwa anangoja mtu wa kumwambia.

"Hata mimi, mwalimu, niko hapa kwa bibi. Lakini kwa baba tuko watano."

Bibi aliendelea kumenya ndizi. Alimtuma mtoto akachote maji, na alipopotea nyuma ya migomba akaniambia yaliyobaki. Binti yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baba alimleta mtoto mwenyewe, akamwambia bibi, "Nakuwekea kwa muda, mama, mpaka nijipange." Kisha akaoa, akapata watoto wanne na huyo mke mpya. Miaka ya mwanzo alikuja Krismasi na gauni na mkate. Baadaye akaacha kuja, akawa anapiga simu. Baadaye simu nazo zikakoma.

"Mimi sina kibanja cha kumwachia," alisema. "Hapa ni kwa wanangu wa kiume, nikifa watagawana. Kwao ni kule kwa baba yake. Anajua. Kila akilala anawataja wadogo zake wote, hajawahi kuwaona wawili wa mwisho, lakini anawataja." Akaweka kisu chini. "Mfundishe hesabu zako zote, mwalimu. Lakini hiyo ya Muleba nakuomba usiiguse."

Nilimwahidi, na nilipoahidi nilikuwa na nia ya kweli. Siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alibandika orodha ya watoto walio hatarini kukariri, na jina la binti lilikuwa la kwanza. Ningeweza kumwendea nikamweleza. Ningeweza pia kubadilisha hadithi, nikaacha kima wote waliwe na chui, mambo yakaisha. Lakini karatasi ya upimaji haikutungwa na mimi, na kwenye mazoezi yaliyoletwa kulikuwa na ndege walioruka na watoto waliokwenda nyumbani. Nilijiambia kwamba akikariri darasa ataumia zaidi. Sasa naona kwamba nusu ya sababu hiyo ilikuwa yake na nusu ilikuwa ya jina langu.

Nikawa nambakiza kila siku baada ya kengele. Nilikata maganda makavu ya migomba nikatengeneza kima wadogo wenye mikia, tukawapanga tisa mezani. Niliwachukua wanne nikawaweka dirishani.

"Wako wapi hawa?"

"Kagondo."

"Unawaona hapa mezani?"

"Hapana."

"Basi usiwahesabu. Aliyeondoka hahesabiwi. Wewe hesabu wanaoonekana mezani tu."

Aliwatazama kima wa dirishani kwa muda mrefu.

"Hata kama watarudi?"

"Hata kama watarudi," nilisema. "Wakirudi, hiyo ni hesabu ya kujumlisha. Tutafanya siku nyingine."

Nakumbuka nilijisikia vizuri kwa jibu hilo. Lilikuwa jibu sahihi la mwalimu, fupi, lenye akili. Yeye aliinamisha kichwa akaandika tano, na nikampa alama ya vema kubwa iliyofika hadi pembeni mwa ukurasa.

Baada ya hapo hakukosa tena. Wanyama waende Kagondo, waende Rubya, waende popote, yeye aliandika waliobaki mezani. Nilimpa penseli mpya mbele ya darasa na wenzake wakampigia makofi. Bibi yake alituma mkungu wa ndizi shuleni, kwa kuwa binti alikuwa amemwambia kwamba mwalimu amekishinda kichwa chake kigumu. Niliupokea mkungu ule, nikaula na wanangu.

Siku ya kujaza fomu za taarifa za wanafunzi nilikuwa nawaita mmoja mmoja mezani. Kuna mahali paliandikwa idadi ya watoto wa mzazi. Nilimuuliza yeye kwa mazoea tu, kalamu imeshaanza kuandika tano.

"Kwa baba wako wanne," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa."

Alilisema bila machozi, kwa sauti ile ya kusomea. Kalamu yangu ilisimama. Nilijua kilichotokea, nilikijua pale pale, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya watoto wakisukumana na kengele ya uji ilikuwa imelia. Nikaandika nne. Nikasema, "Anayefuata." Nimefanya makosa mengi katika kazi hii, nimewahi hata kuchapa asiyekuwa na kosa, lakini hakuna ninaloliona aibu kuliko hilo.

Mwezi haukuisha, baba yake akafariki. Aliumwa kwa muda mfupi. Taarifa ilikuja kwa simu ya jirani wa bibi, na bibi alikuja shuleni mwenyewe, khanga imefungwa kichwani, akaniomba nimsindikize maana magoti yake hayamruhusu kupanda na kushuka magari peke yake na mtoto. Sidhani kama kulikuwa na haja ya kuniomba. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku moja.

Tulishuka Muleba mjini, tukachukua pikipiki mbili mpaka kijiji kimoja upande wa Rubya. Binti alivaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri kuliko zote. Nyumba ya baba yake ilikuwa nzuri, imepakwa rangi, na kibanja chake kilikuwa kimetunzwa, migomba imekatiwa majani makavu, kahawa zimepogolewa. Alikuwa amejipanga kweli, nilijiambia, na hasira ikanipanda kwa mtu aliyelala kwenye jeneza.

Bibi aliingia ndani kukaa na wanawake kwenye majani makavu yaliyotandazwa sakafuni. Binti hakutaka kuingia. Tulikaa naye nje kwenye benchi la nyuma, chini ya turubai. Mbele, karibu na jeneza, walikaa watoto wanne kwa kimo chao, wamevalishwa vizuri, mama yao akiwa na vitambaa vyeupe vya kuwafutia kamasi. Binti aliwaangalia mmoja mmoja. Niliona midomo yake ikitembea, nikajua anawataja majina, na wale wawili wa mwisho alikuwa anawaona kwa mara ya kwanza.

Katekista alimaliza sala. Kijana wa ukoo akashika kipaza sauti akasoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi ya daftari: alipozaliwa, alikobatizwa, alikosoma, shughuli zake. Mwishoni akasoma, "Marehemu ameacha mjane mmoja na watoto wanne. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Watu wakaitikia. Hakuna aliyegeuka. Ndipo mkono mdogo ukanigusa kwenye kiwiko.

"Ni sahihi, mwalimu," binti alininong'oneza.

Hakuwa ananiuliza. Alikuwa ananijulisha, kama anavyofanya mwanafunzi mzuri anapoona mkubwa amekokotoa vizuri. Mimi nilikuwa mgeni pale, si wa ukoo, si wa kijiji, hata si wa dhehebu lao, mwanamke aliyemsindikiza mkwe wa zamani. Nikashika mkono wake nikakaa kimya, na Mungu anajua ningeweza kukaa hivyo mpaka mwisho.

Kilichoninyanyua ni matangazo. Kaka mkubwa wa marehemu, mzee mwenye koti la kijivu na fimbo, alichukua kipaza sauti akasema, kama ilivyo kawaida, kwamba mwenye kitu cha marehemu ajitokeze sasa hivi mbele ya watu. Mwanamume mmoja akasimama kutoka katikati. Akavua kofia.

"Mimi niko kijiji cha pili," alisema. "Marehemu aliniwekea ng'ombe, jike moja, mwaka wa tatu sasa. Amezaa ndama mmoja. Nimekuja kusema nisije nikaonekana nimemficha."

Wazee wakamshukuru kwa uaminifu. Mzee wa koti la kijivu akamwambia yule kijana mwenye karatasi, "Andika. Hapa nyumbani wawili, na kule jike na ndama. Wanne. Asisahaulike hata mmoja."

Nikajikuta nimesimama. Benchi lilitikisika nyuma yangu. Sikuomba kipaza sauti, maana miaka ya darasa la pili imenipa sauti isiyohitaji kifaa.

"Mzee, samahani," nilisema. "Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu mmemhesabu. Na ndama wake mmemhesabu. Mtoto aliyewekwa kwa bibi yake mbona hamjamhesabu?"

Turubai zima likageuka. Mjane alifunika mdomo kwa khanga. Yule kijana aliangalia karatasi yake, kisha akawaangalia watoto wanne wa mbele, na nikaona kwamba hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ameandika wale aliowakuta nyumbani. Alihesabu walioonekana mezani.

Mzee wa koti la kijivu hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alinyanyua macho yake akasema polepole, "Tunajua alikuwepo mmoja. Alikwenda na upande wa mama yake." Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Binti alikuwa bado amekaa, magoti pamoja, mikono juu ya sketi. Mzee akaja mpaka benchi letu, watu wakimpisha. Akainama, maana alikuwa mrefu.

"Mwanangu," alimwambia kwa Kihaya, kisha akarudia kwa Kiswahili labda kwa sababu ya sare, "wewe ni mtoto wa ndugu yangu?"

Binti akasimama kwa adabu kama anavyosimama darasani.

"Ndiyo, baba mkubwa. Lakini mimi ni wa walioondoka."

Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akivuta pumzi na kusema kwa mshangao, "Mae!" Mzee alibaki ameinama. Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Sijui alifikiria nini. Najua mimi nilichofikiria: kwamba hayo hayakuwa maneno ya baba yake, wala ya mama wa kambo, wala ya yeyote aliyekuwa pale. Yalikuwa maneno yangu, na mtoto alikuwa ameyabeba kutoka kwenye meza yangu kule Kanazi mpaka kwenye msiba wa baba yake.

Mzee akarudi mbele. Akachukua ile karatasi na kalamu kwa kijana, akaandika mwenyewe juu ya paja lake, kwa shida. Akasoma kwenye kipaza sauti, "Marehemu ameacha mjane mmoja na watoto watano." Akairudia mara ya pili kwa Kihaya. Bibi alikuwa ametoka ndani, ameshikilia mlango, na mjane akasogea kwenye mkeka akaacha nafasi upande wa mtoto mkubwa. Nitamshukuru mwanamke yule siku zote kwa nafasi ile.

Wakati wa kuzika ulipofika, katekista aliita watoto wa marehemu wapite kutia udongo. Wale wanne wakanyanyuka. Mzee akanyoosha mkono kuelekea benchi letu na kungoja. Watu wote waliokuwa kwenye kile kibanja walikuwa wanangoja.

Binti hakwenda. Aligeuka akanitazama mimi. Si bibi yake, si baba yake mkubwa. Alinitazama kwa wasiwasi, kama mtoto anayetaka kufuta jibu lililokwisha wekwa alama ya vema na hajui kama inaruhusiwa.

"Mwalimu," alisema, "nihesabu na mimi?"

Nilipiga magoti chini pale, mbele ya watu wasionijua, ili uso wangu ulingane na wake. Sikumbuki kama katika maisha yangu ya kazi nimewahi kumwambia mtoto neno kama nililomwambia pale.

"Jihesabu, mwanangu. Aliyekosea ni mimi."

Alinitazama kidogo kuona kama ni kweli. Kisha akaenda mbele, akasimama mwisho wa mstari, akachota udongo.